Unapenda kweli au umedata tu? Namna ya kujipima kabla hamjafika mbali

Kosa linalowaponza vijana wengi ni kupima mapenzi kwa ukali wa hisia. Moyo unadunda simu ikilia, chakula hakishuki, usingizi unakatika saa nane usiku, kisha mtu anahitimisha kuwa haya ndiyo yenyewe kwa sababu hajawahi kuwa hivi kwa mwingine. Ukali wa hisia hautenganishi chochote. Aliyedata, yaani aliyepagawa na mvuto tu, na anayependa kweli wote huungua kwa joto lile lile mwezi wa kwanza. Wanaanza kutofautiana pale mambo yanapokwenda kombo kidogo: mmoja anapoambiwa hapana, anapoishiwa hela, anapougua, anaposubirishwa, anapokosolewa. Hapo aliyedata hutetea raha yake, na anayependa humtazama mwenzake.

Kwa hiyo hapa utapata mambo ya kutazama na muda wa kuyatazama. Tumewalenga zaidi walio kati ya miaka 18 na 25, wawe vyuoni au wameanza kazi. Aliye chini ya miaka 18 ana sehemu yake fupi huko mbele, na tunamwomba asiiruke.

Kinachoendelea mwilini

Mwaka 1999 Donatella Marazziti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, walipima damu ya watu 20 waliokuwa ndio kwanza wamezama mapenzini. Walichokuta kuhusu serotonini, kemikali inayohusika na kutuliza mawazo, kilifanana na kile cha wagonjwa wanaosumbuliwa na mawazo yanayojirudia bila kuzuilika. Baadhi yao walipopimwa tena baada ya miezi 12 hadi 18, hali ilikuwa imerudi kawaida. Kabla ya hapo, mwaka 1979, mwanasaikolojia wa Marekani Dorothy Tennov alikuwa amekadiria kwamba hali hii ya kumwaza mtu mmoja usiku na mchana hudumu kwa kawaida kati ya miezi 18 na miaka 3.

Chukua mambo mawili hapo. Kumwaza mtu kila saa ni kazi ya ubongo, wala hakuthibitishi kwamba mtu huyo anakufaa. Tena hali hiyo ina mwisho, hata kwa wanaopendana kweli. Wapo wanaoachana baada ya mwaka na nusu wakidhani mapenzi yamekufa, kumbe kilichopungua ni ule msisimko wa mwanzo, na walikuwa wamekaribia kujua kama chini yake kuna kitu.

Mtego mwingine ni kwamba mwili hukosea kutambua chanzo cha msisimko wake. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walifanya jaribio kwenye daraja la kuning'inia la Capilano, karibu na Vancouver, Kanada, linaloyumba juu ya korongo refu. Wanaume waliohojiwa na msichana kwenye daraja hilo walimpigia simu baadaye kwa wingi kuliko waliohojiwa kwenye daraja imara lililo chini. Woga uliwageukia ukawa mvuto.

Sasa kumbuka mlivyokutana. Ilikuwa wiki ya kwanza chuoni, mgeni kwa kila kitu? Sherehe ya kumaliza mwaka? Mkesha? Safari ya basi ya saa kumi na mbili ambayo gari liliharibika njiani? Msibani? Wiki mbili baada ya kuachwa na mwingine? Siku hizo mtu yeyote aliyekusogelea kwa upole angeng'ara kuliko kawaida yake. Dawa ni nyepesi: mwone mara tatu au nne kwenye mazingira yasiyo na shamrashamra. Mkae maktaba saa mbili kila mtu na kazi zake, mwende sokoni mchana wa jua, msubiri daladala pamoja. Ukichoka naye haraka ukiwa na akili zako timamu, umepata jibu la mwanzo.

Daftari lenye kurasa mbili

Wengi huanza kumchunguza mwenzao. Anza na wewe, maana unayeweza kumjua kwa uhakika ni wewe.

Chukua daftari la kawaida. Ukurasa wa kushoto andika yale tu uliyomwona akifanya, pamoja na siku na mahali. Ukurasa wa kulia andika yale unayoamini kumhusu. "Ana roho nzuri" ni la kulia. "Jumanne konda alimzidishia chenji ya shilingi 500, akairudisha" ni la kushoto. "Ananijali" ni la kulia. "Nilimwambia nina testi Alhamisi, Alhamisi jioni akauliza imeendaje" ni la kushoto. Fanya hivyo wiki nne bila kumwonyesha mtu, kisha hesabu.

Kulia kukijaa na kushoto kukawa na mistari mitatu, unampenda mtu uliyemtunga mwenyewe. Haimaanishi yeye ni mbaya. Inamaanisha bado hujakutana naye. Wahenga walishasema ukipenda, chongo utaita kengeza, na daftari hili kazi yake ni kukufanya uandike chongo pale unapoona chongo.

Mwishoni mwa wiki ya nne jaribu pia kujibu haya bila kumuuliza: rafiki zake wawili wa karibu ni akina nani na wanaheshimiana vipi? Nini humkasirisha, na akikasirika hufanya nini kwanza? Anadaiwa? Wazazi wake wanaishije, na yeye anawazungumziaje? Imani yake ni ipi na anaishika kiasi gani? Anataka watoto? Akimaliza masomo anataka kuishi wapi? Usiyejua majibu ya nusu ya maswali haya usijilaumu, ila usiseme bado kwamba huyu ndiye wa maisha.

Halafu andika kasoro zake tatu, na mbele ya kila moja uandike inakugusaje. Ukishindwa kupata hata moja, hujamfahamu. Ukizipata lakini kila moja ukamalizia na "nitambadilisha", hapo pia umedata, kwa sababu unayemtaka ni yule atakayekuwa baada ya matengenezo. Jibu lenye afya husikika hivi: "Huchelewa kila mahali, linanikera, tumeshalizungumza, naweza kuishi nalo." Au hivi: "Hulewa kila wikiendi, na hilo siliwezi."

Miezi mitatu ya kutazama

Muda wa chini tunaopendekeza ni miezi mitatu ya kuonana au kuongea mara kwa mara kabla ya kuliita jambo lenu jina kubwa. Kwa walio mikoa tofauti, ongeza hadi miezi sita, maana kwenye simu mtu huchagua saa ya kuonekana na sura ya kuonekana nayo.

Usimtegee mtego. Usifungue akaunti ya bandia kumtongoza, usimtume rafiki yako amjaribu, usidanganye kuwa una mimba ili uone atasemaje. Mtego hukuonyesha mtu anavyofanya mtegoni tu, tena wewe unakuwa umeshaingiza uongo kwenye kitu unachotaka kijengwe kwa ukweli. Maisha yenyewe yataleta mitihani ya kutosha. Ifuatayo ndiyo inayosema zaidi.

*Hapana ndogo.* Huu ndio mtihani wenye thamani kuliko yote, na tungekuwa na nafasi ya mmoja tu tungeuchagua huu. Ndani ya wiki za kwanza itatokea siku ambayo kweli huwezi au hutaki: "Leo siji, nina kazi ya kuwasilisha kesho." Sema wazi, bila visingizio vya kumfurahisha. Kisha tazama mara tatu. Papo hapo: amesikitika kistaarabu, au amekuja juu? Kesho yake: ameuliza kazi imeishaje, au amenuna? Wiki mbili baadaye: imesahaulika, au inarudi kama deni, "siku ile uliyonikatalia"? Anayependa atasikitika, kusikitika si kosa, lakini atapanga siku nyingine na kukuacha ufanye kazi yako kwa amani. Aliyedata huiona hapana yako kama kunyang'anywa. Atadai picha kuthibitisha kwamba uko chumbani, atakupigia mara nane, atakaa kimya siku tatu mpaka umwombe radhi kwa kosa ambalo hulijui.

Kununa mara moja kusikuogopeshe, kila mtu ana siku mbaya. Likijirudia mara ya tatu, hiyo ni tabia. Na ujigeuzie mwenyewe swali: yeye akikuambia hapana, wewe unafanyaje? Wasichana na wavulana wengi ambao wangependa kujiita wenye mapenzi ya kweli huanguka hapa.

*Hela.* Kwa wanachuo, kuna wiki boom (hela ya mkopo ya kujikimu) limetoka na kuna wiki boom limekata. Wiki ya kwanza kila mtu ni mkarimu, kwa hiyo usiiandike daftarini. Tazama siku za mwishoni, mnapogawana chipsi kavu au kupika ugali na dagaa chumbani. Kama ucheshi wake, simu zake na muda wake vinapungua hela inapopungua, alichokuwa anakifurahia kiliisha pamoja na salio. Kwa upande mwingine, zipo zawadi zinazokuja na ankara: simu leo, na mwezi ujao unaambiwa "baada ya yote niliyokufanyia". Zawadi ya upendo haitajwi siku ya ugomvi.

Kanuni chache za kushika. Miezi mitatu ya kwanza usikopeshe kiasi ambacho kikipotea kitakufanya ukose nauli au chakula. Usichukue mkopo wa simu kwa jina lako kwa ajili yake, wala usimdhamini popote. Anayeomba hela kabla hamjaonana hata mara mbili, pamoja na ya kutolea, yuko kazini. Na mpangeni angalau matembezi mawili yasiyozidi shilingi 5,000 kwa wote wawili. Walioko Dar es Salaam wanajua mihogo ya Coco Beach. Kwingine kuna bustani, uwanja wa mpira, baraza la nyumbani kwa rafiki. Kama saa mbili za kuongea bila matumizi zinakuwa nzito kwenu, kilichokuwa kinawashikilia ni starehe.

*Simu.* Hesabu siku 14: nani ameanza mazungumzo mara ngapi? Haihitaji iwe nusu kwa nusu, lakini kama umeanza wewe siku 12, unamfukuzia. Kinachochanganya watu zaidi ni yule wa moto na baridi: leo jumbe hamsini na sauti tamu, kesho na keshokutwa kimya, siku ya nne anarudi kama hakuna kilichotokea. Kwa kuwa hujui lini atarudi, unashinda ukichungulia simu, na akirudi furaha inakuwa kubwa kupita kiasi. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha zamani kwenye majaribio yake ya wanyama kwamba tuzo inayokuja bila ratiba hushikilia tabia kwa nguvu kuliko tuzo inayokuja kila mara. Ni lile lile linalomrudisha mtu kuweka mkeka wa kubeti baada ya kuchaniwa mara tisa: ile moja aliyoshinda. Wengi wanaosema "siwezi kumwacha, nampenda mno" wameshikwa na kubahatisha huku. Jaribio ni kujiuliza: nikijua kwa hakika atanipigia kila siku saa mbili usiku, bado nitamtaka hivi? Ukiona mvuto unashuka kwa kufikiria tu hivyo, umejua.

Kuna kipimo kingine nje ya simu ambacho hakidanganyi, nacho ni maisha yako ya pembeni. Linganisha mwezi kabla ya kuwa naye na mwezi huu: saa za kulala, alama za testi, ibada, mazoezi, marafiki uliowatembelea, simu ulizompigia mama. Mapenzi ya kweli huyumbisha ratiba wiki chache mwanzoni, kisha mambo hurudi kwenye mstari, mara nyingi vizuri zaidi kuliko mwanzo. Ikiwa mwezi wa tatu bado unafeli, hulali na marafiki wamekukata, uhusiano huo unakula bila kuzalisha, hata kama mnaitana majina matamu.

*Ugomvi wa kwanza wa kweli.* Usiukimbie. Wapenzi waliokaa miezi sita bila kutofautiana hata mara moja huwa mmoja wao anameza. Mtafiti wa ndoa John Gottman, aliyewarekodi wanandoa wakibishana, aliona kwamba ndoa zenye uimara zilikuwa na takriban mambo mema matano kwa kila baya moja hata katikati ya mabishano: kutikisa kichwa kuonyesha nimekusikia, mzaha mdogo usioumiza, "hapo una haki". Sumu aliyoiona ni mbaya kuliko nyingine ni dharau. Kwa hiyo sikiliza anachoshika mwenzako akiwa amekasirika. Anabaki kwenye jambo lililotokea, au anakwenda kwa mama yako, kabila lako, umbo lako, siri uliyomwambia ukiwa unalia? Mtu anayetumia siri yako kama silaha ataitumia tena.

Tazama pia nani anarudi. Si lazima awe yule yule kila mara. Samahani iliyokamilika inataja kosa kwa jina, haifuatiwi na "lakini wewe nawe", na ndani ya wiki chache inaonekana kwenye vitendo. Maua na keki bila hayo matatu ni ya kukunyamazisha.

*Watu wengine.* Kufikia mwezi wa tatu, angalau mtu mmoja wa maana kwake awe anakujua kwa jina: rafiki wa karibu, dada, binamu, anayekaa naye chumba kimoja. Hatusemi ukapelekwe kwa wazazi. Kwa familia nyingi hilo lina taratibu zake na mshenga wake. Lakini uhusiano ambao hakuna hata mmoja anayeujua una sababu. Zipo sababu za haki, kama wazazi wakali au tofauti ya dini, na mwenye sababu hiyo huwa amemweleza japo mtu mmoja anayemwamini. Asiyemweleza yeyote, anayekutambulisha kama "mshikaji wangu" na kukuomba usiweke picha yake stetasi, huenda ana mwingine anayemjua kila mtu.

Na wewe tafuta sikio moja la mtu mzima mwenye busara: shangazi, dada mkubwa, mjomba, au somo (kungwi anayekufunda) kwa walio na desturi hiyo ya pwani. Mkutanishe na mwenzako kwa dakika thelathini, halafu muulize "umemwonaje?" na unyamaze. Ukijikuta unamtetea kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, andika hilo daftarini.

Mwili

Mkishalala pamoja, vipimo vyote vya juu hupoteza makali. Ukaribu wa mwili huleta utulivu na mshikamano ambao akili huusoma kama kumjua mtu, hata kama humjui. Ndiyo maana tunashauri jambo hilo lisiwe ndani ya miezi mitatu ya kutazama, na kwa ambaye imani yake inamtaka asubiri ndoa, asubiri bila kujadiliwa bei. "Kama unanipenda utanipa" ni sentensi ya aliyedata au ya mdanganyifu. Huhitaji kujua ni yupi kati yao ili ukatae.

Kwa walioamua vinginevyo, mtihani upo pia. Pendekeza mkapime VVU pamoja kabla, na mrudie baada ya miezi 3, kwa kuwa maambukizi mapya huweza yasionekane mara moja. Tanzania vipimo vya kujipima mwenyewe vimeruhusiwa, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliruhusu kuanzia miaka 15 kupima bila idhini ya mzazi. Anayekupenda anaweza kuogopa, kisha akaenda. Asiyekupenda atageuza swali: "Kwani huniamini?" Kondomu vivyo hivyo. Ikitokea ajali au ulilazimishwa, nenda kituo cha afya mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kuisha. Humo ndimo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi, na saa za mwanzo ndizo zenye faida zaidi.

Wivu usisomwe kama upendo

Tumeweka hili peke yake kwa sababu linaua. Wivu kidogo ni wa binadamu. Kudai nywila ya simu, kukutaka upige video kuonyesha ulipo, kukuchagulia nguo, kukukataza kundi la kujisomea kwa kuwa lina wavulana, kukushika mkono kwa nguvu kisha kulia: hayo ni kumiliki. Huanza na dogo na kupanda taratibu, na kila ukikubali moja, la pili huja haraka zaidi. Kofi la kwanza ni mwisho wa vipimo. Hakuna cha kutazama tena. Ondoka, mwambie mtu mzima, na nenda Dawati la Jinsia na Watoto lililopo vituo vingi vya polisi Tanzania. Kenya namba ya bure ni 1195.

Akitishia kujiua ukimwacha, lichukulie kwa uzito na usilibebe peke yako: mpigie ndugu yake au msimamizi wa hosteli saa hiyo hiyo, hakikisha hayuko mwenyewe, kisha shikilia uamuzi wako. Kubaki kwa sababu ya tishio hakumtibu yeye, na kunakufunga wewe. Akitishia kusambaza picha zako za faragha, usilipe na usirudiane naye. Hifadhi skrinishoti zenye tarehe na namba, ukaripoti. Tanzania ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya sheria ya mwaka 2018 inayotaja wazi usambazaji wa picha za faragha.

Kwa aliye chini ya miaka 18

Kupenda umri huu ni halali ya moyo, na haimaanishi umeharibika. Lakini Tanzania na Kenya zote zinakuhesabu mtoto mpaka utimize miaka 18, na mtu mzima anayefanya ngono nawe anavunja sheria hata ukisema ulikubali. Kwa Tanzania, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Mtu wa miaka 27 anayemwambia binti wa kidato cha pili "umekomaa kuliko umri wako" hajaona ukomavu. Ameona mtoto asiyeweza kumkatalia. Kama kuna anayekusumbua, ndugu, mwalimu, bodaboda au yeyote, namba 116 ni ya bure katika nchi zote mbili, na anayepokea amefunzwa kuzungumza na watoto.

Ukishamaliza kupima

Mwanasaikolojia Robert Sternberg alipendekeza mwaka 1986 kwamba mapenzi yana nguzo tatu: ukaribu wa kujuana na kuaminiana, ashiki, na uamuzi wa kubaki. Rudi kwenye daftari uone zipi mnazo. Ashiki peke yake ndiyo kudata. Ashiki na uamuzi bila ukaribu ndiyo ndoa za haraka haraka za watu waliofahamiana wiki sita. Ukaribu bila ashiki ni urafiki mzuri, na si vibaya kuuita hivyo badala ya kulazimisha.

Kudata si ugonjwa, na uhusiano mwingi mzuri ulianzia hapo. Ukiona mna ashiki na ukaribu umeanza kukua, endeleeni, ila msifanye jambo lisilorudi nyuma katika mwaka wa kwanza: kuhamia geto moja, kupata mtoto, kubadili dini au chuo kwa ajili ya mwenzako, kukopa kwa pamoja, kuchora jina lake mwilini. Kama ni wa kweli, mwaka hauondoi kitu.

Ukigundua ni wewe uliyedata, na yeye hayumo au hakufai, punguza mafuta kwenye moto. Toa mazungumzo yake juu ya orodha ya simu na uzime taarifa zake. Acha kusoma jumbe za zamani. Hilo ndilo linalorefusha maumivu kuliko lolote. Usimfuatilie kwa akaunti ya rafiki. Jipe siku 60 bila mawasiliano yasiyo ya lazima, ukijua wiki mbili za kwanza ndizo ngumu na kwamba usiku na Jumapili mchana huuma zaidi, hivyo panga watu wa kuwa nao saa hizo. Kama ni mwanafunzi mwenzako, kaa upande mwingine wa darasa na salamu ziwe fupi. Wiki ya sita ukiwa bado huli, hulali au unawaza kujidhuru, mwone mshauri wa wanafunzi chuoni au daktari.

Na kama yeye ndiye aliyedata nawe, wewe humpendi, mwambie ndani ya wiki hiyo hiyo uliyojua, ana kwa ana ikiwa ni salama, mahali penye watu lakini penye utulivu. "Nakuheshimu, sina hisia za mapenzi kwako, na sitegemei zitakuja." Usiongeze "kwa sasa", wala "tuone mbele ya safari", maana neno hilo moja atalikalia mwaka mzima. Usiendelee kupokea zawadi, nauli wala vocha zake. Vitu vyake vilivyo kwako virudishe vyote siku moja kupitia rafiki mnayemwamini wote wawili, na hela mnazodaiana ziandikwe kwa ujumbe na zilipwe kwa simu ili kusibaki sababu ya kukutana tena wawili peke yenu.